Tarehe za kwenye karatasi hazimjui mama wa kifaranga

Siku ya 24 ndo nilijua hapa kuna jambo. Ilikuwa mwezi wa 7, na baridi ya Newala ya mwezi huo wenyeji mnaijua, upepo unapanda kutoka bondeni kule Shimo la Mungu unaingia mpaka kwenye mifupa, nikaenda bandani alfajiri na tochi ya simu kuangalia kama jiko la mkaa bado lina moto, nikakuta vifaranga wamejikunyata makundi makundi, manyoya yamesimama, mavi kwenye maranda meupe ya majimaji kama chokaa, wengine wanageuka kujidonoa wenyewe kwenye njia ya haja. Afu kimya. Aliyewahi kufuga anajua, vifaranga wazima ukiwamulika tu wanaanza kelele, banda likinyamaza ujue limeshaingiliwa.

Nilikuwa nimewaleta 200 chotara kutoka Dar, kwa pesa ya korosho tuliyoitunza tangu minada ya mwisho wa mwaka pamoja na mkopo wa kikundi chetu cha kina mama. Mpaka siku ya 29 nilikuwa nimeshazika 71. Sijui niseme nini kuhusu kuzika vifaranga 71, unachimba shimo moja unadhani limetosha, kesho yake unachimba lingine.

Na nilikuwa nimechanja! Hilo ndo lililoniuma kuliko yote. Jirani yangu alishawahi kumaliziwa kuku na Gumboro kwa hiyo mi niliogopa nikasema siwezi kusubiri, siku ya 5 tu nikawapa chanjo ya Gumboro. Na niliifanya kwa adabu zote, kichupa nilikifuata Masasi kikaja kwenye kul boksi na barafu, maji nilitumia ya mvua ya kisimani kwetu yasiyo na dawa, nikakoroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta, niliwanyima maji kwanza saa moja na nusu ili wakipewa wanywe wote kwa pamoja, yakaisha ndani ya saa mbili. Sasa niambie nilikosea wapi.

Majirani wote jibu lao lilikuwa moja, umeuziwa feki. Na mimi niliamini hivyo, nilishapanga kwenda Masasi kugombana na mwenye duka. Kabla sijaenda nikampigia bwana mifugo wetu, mzee mmoja mtulivu sana, akaja na pikipiki yake. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza, "Umewachanja mama?" Nikasema nimechanja. "Siku ya ngapi?" Ya tano. Akakaa kimya kidogo, akaomba wembe na gunia la kutandika.

Akachukua kifaranga aliyekufa usiku huo akamchuna mapaja. Nyama ya paja ilikuwa na michirizi ya damu kama mtu aliyechapwa fimbo. Afu akapasua nyuma, juu ya njia ya haja, akanionyesha kijifuko ambacho mi nimechinja kuku maisha yangu yote sijawahi kukiangalia mara mbili. Alisema kwa umri ule kilitakiwa kiwe laini cheupe, saizi ya njugumawe. Hiki kilikuwa kimevimba, kimezungukwa na utelezi wa njano kama uji wa wanga uliopoa, na alipokipasua ndani kuna vidoa vya damu. Akasema, "Hapa ndipo Gumboro inapokaa. Na chanjo yako haikuwa feki. Chanjo yako aliiua mama yao."

Sikumwelewa. Mama yao? Hawa wametoka kwenye mashine, mama yao yuko wapi?

Ile sentensi nimekaa nayo miaka miwili sasa na ndo sababu naandika makala hii, maana naona watu wengi huku kusini wanapoteza kuku na kugombana na wauza dawa kwa jambo ambalo hatukuelezwa tu.

Iko hivi. Kuku hanyonyeshi. Ng'ombe ndama wake akizaliwa anakimbilia dang'a, na ndani ya dang'a ndo kuna kinga kutoka kwa mama. Binadamu tunampa mtoto kinga kupitia kondo akiwa bado tumboni na tunaongezea kwenye maziwa ya kwanza. Kuku yeye mtoto wake anatoka nje ya mwili mapema sana, akiwa bado yai, kwa hiyo kila alichonacho cha kumpa lazima akifungashe humo humo. Na anakifungasha. Zile siku kama wiki moja hivi ambazo kiini kinakua ndani ya mama kwa kasi, kingamwili (zile protini za damu zinazokamata vijidudu vya ugonjwa) kutoka kwenye damu yake zinahamia kwenye kiini. Yaani magonjwa yote aliyougua akapona, chanjo zote alizopigwa, kumbukumbu yake inaingia kwenye ile njano tunayokaanga. Hili limejulikana siku nyingi, mwaka 1893 Mjerumani Felix Klemperer alishaonyesha kwamba kuku akipewa kinga ya pepopunda, kinga ile inaonekana kwenye kiini cha yai lake.

Nimekiona kwa macho yangu. Kwenye awamu nyingine ya vifaranga wawili walifika wamekufa kwenye boksi, nikampasua mmoja taratibu kama nilivyoona yule mzee akifanya. Tumboni alikuwa na kifuko cha njano kilichonyong'onyea, kikubwa kama kiini cha yai la kware, kimeshikana na utumbo kwa kamrija kembamba. Kile ni kiini kilichobaki. Kifaranga anakivuta kiingie tumboni siku za mwisho kabla ya kutotolewa, afu anaendelea kukitumia siku za mwanzo duniani. Ndo maana vifaranga wanaweza kupandishwa basi Dar, wakavuka daraja la Mkapa pale Rufiji, Somanga, Nangurukuru, Mingoyo, Masasi mpaka kufika kwetu usiku, zaidi ya kilomita 600 hawajala punje, na wanafika wamesimama. Wanakula chakula cha mama. Na humo humo kwenye chakula hicho ndo zinaingia kingamwili kwenye damu yao. Nilipomaliza kukiangalia nilijisikia vibaya kwa miaka yote niliyosema kifaranga wa mashine hana mama.

Sasa tatizo linaanzia hapa. Chanjo nyingi tunazotumia kwa vifaranga ni za virusi hai vilivyopunguzwa makali. Ili chanjo ifanye kazi lazima kile kirusi kiingie, kizaliane kidogo, mwili wa kifaranga ukione ukijifunze. Lakini kingamwili za mama hazijui kutofautisha kirusi cha chanjo na kirusi cha ugonjwa, zikikikuta zinakikamata. Chanjo inaisha pale pale, kifaranga hajajifunza chochote. Vifaranga wangu wale walitoka kwa kuku wazazi wa shamba kubwa, na wale wanachanjwa vizuri kabla ya kuanza kutaga makusudi kabisa ili watoto wawe na kinga nyingi. Kwa hiyo siku ya 5 walikuwa wamejaa kinga ya mama hadi pomoni, nikawamiminia chanjo juu yake, ikapotea. Mi nikatia tiki kwenye daftari nikalala.

Afu ile ya mama ikaisha. Maana haidumu, ni ya kupewa, mwili wa kifaranga hautengenezi nyingine kama ile. Ya kideri (ule mdondo wa kuku, Newcastle) inapungua nusu kila baada ya siku nne na nusu hivi, na ya Gumboro nayo iko karibu na hapo, ila kwa kuku wa nyama inashuka haraka zaidi, maana mwili wenyewe unakua mbio. Sisi watu wa Newala tunaelewa hesabu hii kwa maji. Chukulia una simtanki la lita 1,000 na hakuna mvua. Siku nne na nusu, 500. Nyingine, 250. Nyingine, 125. Nyingine, 62. Hapo ni siku ya 18 na hata ukichota kwa kopo unasikia linagonga chini. Wangu walifika hapo, kirusi cha Gumboro kilikuwepo (kile kirusi ni kigumu sana, kinakaa miezi kwenye banda ambalo halikusafishwa vizuri), na wakapigwa kwenye umri ule ule ambao Gumboro inapenda, wiki ya 3 mpaka ya 6.

Kuhusu lile jina, Gumboro ni sehemu huko Delaware, Marekani, ndo ugonjwa ulipoonekana kwanza, taarifa zake zikaandikwa mwaka 1962. Na kile kijifuko kina habari yake ambayo mi ilinishangaza sana. Kinaitwa bursa ya Fabricius, jina la daktari wa Italia wa zamani aliyekieleza, na karne kadhaa hakuna aliyejua kazi yake mpaka miaka ya 1950 mtafiti wa Marekani anaitwa Bruce Glick alikitoa kwenye vifaranga, na baadaye kuku wale wakashindwa kutengeneza kingamwili. Kumbe ndo shule ambako askari wa kutengeneza kingamwili wanafundishwa. Hata zile seli za binadamu madaktari wanazoita seli B, hiyo B imetoka kwenye bursa ya kuku. Kwa hiyo Gumboro haiui kuku tu, inachoma shule. Kifaranga akiipata mapema sana, chini ya wiki 3, anaweza asionyeshe dalili yoyote, ila kijifuko kinasinyaa na kuanzia hapo chanjo nyingine hazimshiki vizuri. Wale wangu 129 waliobaki, kideri ilipopita mtaani miezi miwili baadaye niliokoa 40 tu na wote walikuwa wamechanjwa kideri. Sikuhitaji mtu anieleze sababu.

Kwa hiyo nikawa nimejifunza. Nikajiambia, somo ni kusubiri. Na hapa ndo nikafanya kosa la pili ambalo naona linaumiza zaidi, maana safari hii nilikuwa najiona najua.

Awamu ya pili sikuagiza Dar. Kuna kijana hapa hapa wilayani ana inkubeta, anakusanya mayai ya kienyeji vijijini anatotolesha, nikachukua 60 kwake. Nikakaa nikasema hawa siwachanji kitu mpaka siku ya 14, kinga ya mama iishe kwanza. Siku ya 11 wakaanza. Mavi ya kijani, wanahema wamefungua midomo, mmoja shingo imejipinda anaangalia juu kama anatafuta kitu kwenye paa. Kideri. Siku tatu, nikabaki na 9.

Yule mzee alipokuja safari hii hakupasua hata mmoja. Aliuliza swali moja, "Mayai yametoka kwa kuku gani?" Nikasema kwa kuku wa watu, wa vijijini. "Wamechanjwa?" Sijui. "Wamewahi kuugua kideri wakapona?" Sijui. Akasema, "Basi mama ulikuwa unasubiri kuisha kitu ambacho hakikuwepo."

Yaani wale mama zao huenda hawajawahi kukutana na kideri wala tone la chanjo, na kuku ambaye hana kinga, hana cha kuweka kwenye kiini. Simtanki lilikuwa tupu tangu siku ya kwanza, na mi nimekaa pembeni nahesabu litaisha lini.

Awamu mbili, makosa mawili yaliyopishana kabisa, kwanza niliwahi halafu nikachelewa, na yote yametokana na kutouliza habari za mama. Ile karatasi ya ratiba ambayo kila duka la dawa za mifugo wanakupa, siku ya 7 kideri, siku ya 14 Gumboro, siku ya 21 kideri tena, siku ya 28 Gumboro tena, si mbaya, imepangwa kwa akili na kule kurudia kuna maana yake. Vifaranga wa boksi moja hawana kinga sawa, mama zao walikuwa mamia, mwingine alimpa mwanawe nyingi mwingine kidogo, kwa hiyo chanjo ya kwanza inawashika wale walioishiwa mapema na ya pili inawafuata waliobaki. Mtu anayechanja mara moja akasema inatosha ameacha nusu ya banda nje. Lakini karatasi ile imeandikwa kwa kukadiria mama wa wastani, nayo haijui vifaranga wako wametoka kwa nani. Kuna wanaokimbilia chanjo za Gumboro kali zaidi ambazo zinaweza kupenya kinga ya mama mapema, mi siwashauri wafuate njia hiyo bila kuambiwa na mtaalamu, maana chanjo kali yenyewe inakiumiza kile kijifuko.

Kitu kilichonifanya nielewe kabisa kwa moyo na sio kwa kichwa kilitokea kliniki. Nilimpeleka binti yangu mdogo, mama mmoja mbele yangu kwenye benchi akawa analalamika kwamba surua imeingia kijijini kwao na mtoto wake ana miezi mitano, kwa nini hawamchomi sasa hivi, kwa nini wasubiri mpaka miezi 9. Nesi akamjibu kwa upole kabisa, akasema mwanangu, mtoto bado ana kinga yako mwilini, tukimchoma mapema kinga yako inaizuia sindano. Nilisimama pale na kadi mkononi nikasisimka mwili mzima. Ni jambo lile lile! Mimi na kuku wangu na yule mama pale kwenye benchi, wote tumewapa watoto kitu ambacho kinawalinda na kinawazuia kujifunza kwa wakati mmoja, na kuna siku katikati pale ambapo chetu hakitoshi tena kuzuia ugonjwa lakini bado kinatosha kuzuia chanjo. Siku hizo ndo za hatari, na hakuna anayezikwepa, unaweza kuzifupisha tu.

Nikamsimulia mama mkwe wangu kule Tandahimba. Yeye amefuga kienyeji tangu msichana, hajawahi kununua kifaranga. Akanisikiliza mpaka mwisho afu akasema, "Sisi tulikuwa tunasema koo aliyepona kideri usimchinje hata aje mgeni gani. Watoto wake hawafi hovyo." Nikamuuliza nani aliwafundisha, akasema hakuna, walikuwa wanaona. Nimefikiria sana maneno yake. Wameangalia kuku kwa miaka na miaka wakaona kwamba uzima wa mama unaenda kwa mtoto, bila maabara, na sisi wafugaji wa maboksi tumekuja na karatasi tukaacha kumwangalia mama.

Siku hizi naanzia kwa mama. Nina koo 14 wa kienyeji nimewachagua mwenyewe, wote wanapata tone la jicho la I-2 kila miezi mitatu. Hii ni chanjo ya kideri inayovumilia joto, kazi yake ilianzia Australia kwa Profesa Peter Spradbrow na wenzake, na hapa kwetu inatengenezwa na TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) kule Kibaha, na kwa joto letu la kusini ambapo umeme ukikatika friji la duka linageuka kabati, kitu kinachovumilia joto kidogo ni neema (lakini bado usikiache juani jamani, kuvumilia sio kutokufa). Sikusanyi mayai ya kuatamisha mpaka zipite wiki tatu tangu nichanje, ili kinga ijae kwenye damu ya mama kwanza na iwahi kuingia kwenye kiini. Na nikinunua vifaranga kwa mtu, swali la kwanza silo bei. Nauliza mama zao wamechanjwa nini na lini. Kampuni moja nilipowauliza kwa simu yule dada alicheka akasema hajawahi kuulizwa hilo na mteja, akaniahidi kuniulizia hakunirudia, sikununua kwao. Ukijibiwa vizuri unajua unaanza na simtanki lililojaa, unasubiri Gumboro siku ya 14 na kurudia. Ukijibiwa "sijui" chukulia ni tupu, tone la jicho la kideri wapewe siku za mwanzo kabisa na banda lisikanyagwe na mtu anayetoka kwa kuku wengine.

Mwezi uliopita koo mmoja mwekundu, yule mwenye kidole kilichokatika, alitotoa 11 kwenye mayai 13. Nilichora mistari ya chaki mlangoni, mmoja kila asubuhi, nikijua kwamba kila mistari minne na kidogo alichowapa mama kinabaki nusu. Ulipofika wa 14 nikamfunika mama kwa tenga ili asinidonoe, nikakaa kwenye kigoda na kichupa cha kideri. Unamlaza kifaranga kiganjani, jicho moja juu, tone lining'inie kwanza lijae ndo liachie, na usimwachie mpaka uone limetandaa na amepepesa, akitikisa kichwa kabla ya hapo unarudia. Mama yao muda wote anazunguka ndani ya tenga analia. Wa kwanza akapepesa, nikamweka kwenye beseni. Wa pili akatikisa kichwa, nikarudia.